Deni la Wembley

Usiku wa Julai 11, 2021, Kenya ilikuwa bado chini ya kafyu, na kafyu ilianza saa nne usiku. Fainali ya Euro nayo ilianza saa nne kamili. Kwa hivyo wengi wetu hatukuitazama kwa baa wala kwa base. Tuliitazama nyumbani, wengine kwa simu, sauti imepunguzwa ili mtoto asiamke. Uingereza walifunga dakika ya pili. Italia wakasawazisha kipindi cha pili. Mechi ikaburutwa hadi muda wa nyongeza, kisha penalti, na karibu saa saba usiku kipa Gianluigi Donnarumma akaupangua mkwaju wa mwisho. Italia mabingwa.

Kisha kamera ikawapata wanaume wawili wanaokaribia miaka sitini, wamekumbatiana, wanalia. Mmoja ulimjua: Roberto Mancini, kocha wa Italia. Huyu mwingine, mwenye ndevu za mvi na mwili uliokonda, pengine hukumjua. Na kama wewe ni shabiki wa Chelsea wa rika letu, aibu kidogo. Yule alikuwa Gianluca Vialli, aliyeinoa Chelsea na kuipa makombe kabla Abramovich hajaileta pesa yake, kabla ya Mourinho, kabla ya Drogba.

Hadithi iliyosambaa kesho yake ilikuwa tamu na fupi. Mwaka 1992 Mancini na Vialli walipoteza fainali kubwa Wembley wakiwa wachezaji. Mwaka 2021 wakarudi Wembley wakashinda. Uwanja ulikuwa na deni lao, umelilipa. Mimi pia niliipenda hadithi hiyo. Shida ni kwamba ukikaa chini upige hesabu, hesabu inakataa. Kati ya 1992 na 2021, Vialli alishinda makombe Wembley mara nne. Na kombe lenyewe alilolikosa 1992 alilinyanyua kwa mikono yake miaka minne baadaye, mjini Rome. Kama lilikuwa deni, lilishalipwa kitambo, tena na riba. Sasa mbona alilia vile?

Tuanzie mwanzo. Vialli alizaliwa Julai 9, 1964, mjini Cremona, kaskazini mwa Italia. Tumezoea hadithi za wanasoka waliotoka kwenye umaskini, mpira wa makaratasi, viatu vya kuazima. Yeye hakuwa hivyo. Alikuwa kitinda mimba katika familia tajiri ya watoto watano, na alikulia kwenye kasri la vyumba vingi. Angeweza kuishi vizuri tu bila kupiga mpira hata siku moja. Lakini alijiunga na timu ya nyumbani, Cremonese, akiwa kijana mdogo, na mwaka 1984 akasaidia kuipandisha daraja hadi Serie A. Kiangazi hicho hicho akanunuliwa na Sampdoria ya Genoa.

Sampdoria haikuwa timu kubwa. Ilizaliwa 1946 klabu mbili zilipounganishwa, na haikuwa imewahi kutwaa ubingwa wa Italia. Lakini ilikuwa na mwenyekiti aliyeitwa Paolo Mantovani, tajiri wa biashara ya mafuta, ambaye alikuwa na mpango wa ajabu: kununua vijana wenye vipaji na kuwaacha wakue pamoja. Mancini alikuwa ameshafika tangu 1982, akitoka Bologna akiwa na miaka 17. Vialli alipoungana naye, Waitalia wakawapa jina, mapacha wa magoli. Mancini ndiye aliyeona pasi ambazo wengine hawakuziona, na Vialli ndiye aliyekimbia, akapigana na mabeki, akafunga, hata kwa tikitaka ikibidi.

Sasa kumbuka Serie A ya miaka hiyo ilikuwa nini. Ilikuwa ndiyo ligi ya dunia. Maradona alikuwa Napoli. Gullit na Van Basten walikuwa Milan. Matthäus na Klinsmann walikuwa Inter. Mchezaji yeyote mzuri wa Sampdoria alikuwa akisubiri simu kutoka Milan au Turin. Vialli naye aliipata. Milan ya Berlusconi ilimtaka, akakataa. Yeye na wenzake walikuwa wamejiwekea ahadi: hakuna kutawanyika kabla ubingwa haujaja Genoa.

Walianza na makombe madogo. Coppa Italia 1985, 1988 na 1989. Mwaka 1989 wakafika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya, Barcelona wakawapiga 2-0. Mwaka uliofuata wakarudi kwenye fainali ile ile, mjini Gothenburg, wakawalaza Anderlecht 2-0 katika muda wa nyongeza. Magoli yote mawili, Vialli.

Wiki chache baadaye ikaja Italia 90. Hapa kwetu Kombe la Dunia lile linakumbukwa kwa Roger Milla na Cameroon. Waitalia walilisubiri liwe la Vialli. Lilikuwa nyumbani kwao, na yeye ndiye aliyekuwa straika namba moja. Kwenye mechi ya pili, dhidi ya Marekani, alipewa penalti, akagonga mwamba. Nafasi yake ikachukuliwa, na mtu ambaye karibu hakuna aliyemtarajia, Salvatore Schillaci, akamaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa magoli 6. Italia wakatolewa kwenye nusu fainali na Argentina, kwa penalti. Vialli alirudi Genoa nchi nzima ikimwangalia kwa jicho la huruma, na kwa straika jicho la huruma ni baya kuliko matusi.

Aliporudi, alikuta nini? Alikuta jamaa wale wale. Msimu huo, 1990-91, alifunga magoli 19 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Mei 1991 Sampdoria walienda San Siro kucheza na Inter, waliokuwa wakiwafukuzia kileleni. Kipa Gianluca Pagliuca akaokoa penalti ya Matthäus, Vialli akafunga la pili, ikaisha 2-0. Wiki mbili baadaye, Mei 19, wakawachapa Lecce 3-0 nyumbani, na ubingwa ukaja Genoa. Ni wa kwanza katika historia ya Sampdoria. Hadi leo hawajapata mwingine.

Ubingwa huo ndio uliowapeleka Wembley. Mei 20, 1992, fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, ya mwisho kabla mashindano hayajabadilishwa jina kuwa Champions League. Upande wa pili walikuwa Barcelona wa Johan Cruyff, wakiwa na kiungo mmoja kijana aliyeitwa Pep Guardiola. Barcelona nao hawakuwa wamewahi kulishinda kombe hilo. Vialli alipata nafasi nzuri zaidi ya moja. Moja aliinyanyua juu ya kipa Zubizarreta, mpira ukamzidi kipa na ukapita pembeni ya goli kidogo tu. Mechi ikaingia muda wa nyongeza bila goli. Vialli akatolewa. Alikuwa nje, hana la kufanya tena, Barcelona walipopata frikiki dakika ya 112. Ronald Koeman akaachilia kombora la chini, Pagliuca akaruka bure. 1-0.

Kama umewahi kukosa kitu ambacho ungekipata ndio maisha yako yote yangekuwa na mpangilio mwingine, unajua kwamba kinachouma si matokeo peke yake. Mechi ile ilivunja nyumba. Kiangazi hicho Vialli aliuzwa kwa Juventus kwa kama pauni milioni 12, rekodi ya dunia wakati huo. Mantovani alifariki mwaka uliofuata, 1993. Kikundi kile kilichokuwa kimeapa kutotawanyika kikaanza kutawanyika, mmoja mmoja.

Juventus walimpa karibu kila kitu. Kombe la UEFA 1993. Ubingwa wa ligi na Coppa Italia 1995, chini ya Marcello Lippi. Halafu Mei 22, 1996, fainali ya Champions League uwanja wa Olimpico, Rome, dhidi ya Ajax waliokuwa mabingwa watetezi. Ajax ile ilikuwa na Wanaijeria wawili, Nwankwo Kanu na Finidi George. Sare ya 1-1, Juventus wakashinda kwa penalti, na nahodha aliyelinyanyua kombe alikuwa Vialli. Ni kombe lile lile lililomponyoka miaka minne nyuma. Ingekuwa sinema, ingeishia hapo.

Lakini maisha yakaendelea, akahamia London. Sheria ya Bosman ilikuwa imepita miezi michache tu, na mchezaji aliyemaliza mkataba aliweza sasa kuondoka bila ada. Chelsea wakampata bure. Kocha-mchezaji alikuwa Ruud Gullit, na muda si mrefu wawili hao wakawa hawaelewani. Januari 1997, Chelsea wakiwa nyuma 2-0 dhidi ya Liverpool kwenye Kombe la FA, walirudi wakashinda 4-2, Vialli akifunga mawili. Hata hivyo alizidi kuota benchi. Mei mwaka huo kwenye fainali, Wembley, dhidi ya Middlesbrough, aliingizwa dakika ya 89. Ndio, kombe alilishika. Lakini muulize mchezaji yeyote kama dakika moja ni kucheza fainali.

Februari 1998 Gullit akapigwa kalamu, na Chelsea ikamkabidhi timu Vialli. Alikuwa na miaka 33, hajawahi kufundisha hata timu ya watoto, na bado alikuwa mchezaji. Akawa Mwitaliano wa kwanza kuinoa timu ya Ligi Kuu ya Uingereza. Ancelotti, Conte, Ranieri, Mancini mwenyewe, wote walipita kwenye mlango alioufungua yeye. Mechi yake ya kwanza ilikuwa marudiano ya nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Arsenal. Kabla ya kutoka chumba cha kubadilishia nguo aliwamiminia wachezaji shampeni kidogo kidogo, wakagonganisha glasi, wakaenda kushinda 3-1.

Ndani ya miezi mitatu alikuwa na makombe mawili. Kombe la Ligi, Wembley. Kisha Kombe la Washindi, Stockholm, dhidi ya Stuttgart, ambapo Gianfranco Zola aliingia kipindi cha pili na kufunga chini ya dakika moja baadaye. Agosti wakawapiga Real Madrid 1-0 kwenye Super Cup ya Ulaya. Msimu uliofuata Chelsea wakamaliza wa tatu kwenye ligi. Mwaka 2000 akashinda Kombe la FA, fainali ya mwisho ya kombe hilo kwenye Wembley ya zamani, na Agosti akaongeza Ngao ya Hisani, uwanja ule ule.

Ni yeye pia ambaye Desemba 26, 1999, ugenini Southampton, alipanga wachezaji kumi na mmoja bila Mwingereza hata mmoja, wala Mskoti, wala Mwelshi. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya ligi ile. Kelele zilizopigwa leo ni vigumu kuziamini. Sisi tunaoshabikia timu za London zilizojaa vijana wa Abidjan, Dakar na Accra tunaona ni kawaida tu. Mtu alilazimika kuwa wa kwanza kutukanwa kwa hilo.

Lakini ukocha haukumkalia sawasawa. Straika anahukumiwa kwa miguu yake mwenyewe. Kocha anahukumiwa kwa miguu ya watu wengine, na watu hao juzi tu walikuwa wenzake mezani. Manung'uniko yakaanza kikosini. Mwaka 2000 Chelsea waliwafunga Barcelona 3-1 nyumbani kwenye robo fainali ya Champions League, wakaenda Camp Nou wakala tano. Septemba, mechi tano tu ndani ya msimu mpya, akatimuliwa. Mwaka uliofuata akachukua Watford, daraja la pili. Wakamaliza nafasi ya 14, akatimuliwa tena. Alikuwa hajafikisha miaka 38. Hakufundisha timu nyingine maishani mwake.

Miaka kumi na sita ikapita hivyo. Alibaki London, akalea mabinti zake wawili, akafanya uchambuzi wa mpira kwenye televisheni ya Italia. Kisha Novemba 2018 akaueleza umma kwamba alikuwa ametibiwa saratani. Ilikuwa saratani ya kongosho. Alisimulia jinsi alivyokuwa akivaa sweta ndani ya shati ili watu wasigundue alivyokonda. Alikataa pia lugha ya vita ambayo sote huitumia mtu akiugua. Kwake saratani ilikuwa kama abiria ambaye hakumwalika lakini amepanda gari moja naye, na alitumaini siku moja atachoka ashuke.

Wakati huo Mancini ndiye alikuwa kocha wa Italia, timu iliyokuwa imeshindwa hata kufuzu Kombe la Dunia la 2018. Angalia benchi alilolijenga: Attilio Lombardo, winga wa ile fainali ya 1992. Alberico Evani, Fausto Salsano, Giulio Nuciari. Wote waliwahi kuvaa jezi ya Sampdoria. Mwishoni mwa 2019 Vialli akaungana nao kama mkuu wa msafara wa timu ya taifa. Cheo hicho hakipangi kikosi. Hakifanyi mabadiliko dakika ya 70. Kazi yake ilikuwa kuwepo: kuongea na vijana, kusikiliza, kukaa karibu na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo akiwa mtu ambaye kila mmoja mle ndani alijua anabeba nini.

Kabla ya mechi ya kwanza ya Euro, dhidi ya Uturuki, basi la timu liling'oa nanga hotelini likamwacha. Likasimama, akapanda, Italia wakashinda 3-0. Basi ikawa desturi. Kila mechi wachezaji wakajifanya wamemsahau, basi likaondoka kidogo, likasimama, akapanda huku wakishangilia. Ushirikina, utasema. Sawa. Lakini fikiria ni ujumbe gani kumpa mgonjwa kila siku ya mechi: hatuendi popote bila wewe.

Sasa turudi kwenye lile deni. Uwanja waliolilia Mancini na Vialli 2021 haukuwa hata ule wa 1992. Wembley ya zamani ilibomolewa, hii ya sasa ilifunguliwa 2007. Matofali hayakuwa yale. Kombe halikuwa lile. Kilichokuwa kile kile ni mtu. Vialli alishinda Wembley mara nne bila Mancini, na akanyanyua lile kombe la Ulaya Rome bila Mancini. Mancini alikuwa uwanjani naye mpira ule ulipopita pembeni ya goli la Zubizarreta. Nadhani ndiyo sababu ya yale machozi. Ushindi unaweza kusherehekea na yeyote. Kushindwa unaweza kukumaliza tu na mtu aliyeshindwa pamoja nawe.

Na usidhani uwanja una huruma. Kwenye benchi la pili usiku ule alikuwa Gareth Southgate, kocha wa Uingereza, aliyekosa penalti Wembley kwenye nusu fainali ya Euro 1996. Yeye pia alikuwa na deni lake. Halikulipwa. Vijana wake watatu, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, walikosa penalti, na kabla hapajapambazuka watu wakawa wanawatukana mitandaoni kwa sababu ya rangi yao. Saka, mtoto wa wazazi Wanaijeria, alikuwa na miaka 19. Southgate alimfuata uwanjani akamkumbatia. Ukumbatio huo haukurudiwa kwenye televisheni kama ule wa Waitalia, lakini ni mwanamume mmoja aliyejua hasa kijana yule anahisi nini.

Furaha ya Italia nayo haikudumu. Machi 2022 walifungwa na Macedonia Kaskazini wakakosa Kombe la Dunia tena. Yule abiria hakushuka. Desemba 2022 Vialli aliachia kazi yake ili ashughulikie afya, na Januari 6, 2023, akafariki London akiwa na miaka 58.

Julai 2024, Düsseldorf, robo fainali ya Euro, Uingereza na Uswisi zilienda penalti. Saka alitembea hadi kwenye alama, akaweka mpira chini, akapiga, akafunga. Southgate alikuwa bado pale kando ya uwanja, akimtazama.